Msomi aliyehoji sheria nyuma ya ua wa kambi

MGENI siku mbili, ya tatu mpe jembe, walinena wahenga. Hata hivyo, maelfu ya wakimbizi walioingia Kenya kuanzia mwaka 1991 wamezeeka katika kambi za Dadaab na Kakuma wakipanga foleni ya chakula cha msaada.

Dkt Barbara Harrell-Bond, msomi mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 85, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuuliza ni kwa nini mgeni huyo ananyimwa jembe.

Hakuanza na wakimbizi. Alisomea anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kisha akatafiti masuala ya ndoa na sheria za kifamilia nchini Sierra Leone. Utafiti wa aina hiyo humlazimu msomi kulinganisha sheria ilivyoandikwa na jinsi watu wanavyoishi nayo.

Mwaka 1982 alianzisha programu ya taaluma ya wakimbizi Oxford, wakati ambapo somo hilo halikuwa na makao maalum vyuoni. Aliiongoza hadi mwaka 1996.

Alifanya pia utafiti miongoni mwa Waganda waliokimbilia eneo ambalo sasa ni Sudan Kusini, kufuatia machafuko yaliyoandamana na kuanguka kwa Idi Amin mwaka 1979. Kutokana na kazi hiyo aliandika kitabu Imposing Aid, kilichochapishwa mwaka 1986.

Humo alieleza kuwa mashirika ya misaada huwapangia wakimbizi maisha bila kuwashauri, ilhali wengi wao waliishi nje ya kambi na kujitafutia riziki.

Baadaye aligeukia sheria yenyewe. Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi wa mwaka 1951 haukomei kumkataza mwenyeji kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha yake yamo hatarini. Unagusia pia haki ya kufanya kazi katika kifungu cha 17, na uhuru wa kutembea katika kifungu cha 26.

Akishirikiana na mwanasheria Guglielmo Verdirame, alichunguza jinsi haki hizo zilivyotekelezwa Kenya na Uganda. Kitabu chao, Rights in Exile, kilitoka mwaka 2005.

Kwa mujibu wa wasomi hao, haki za wakimbizi zilikiukwa si na serikali pekee, bali pia na mashirika yaliyopewa jukumu la kuwalinda, likiwemo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Wakimbizi (UNHCR). Ni wazi kwamba hoja hiyo haikuwafurahisha wengi katika mashirika hayo.

Aidha, Harrell-Bond hakuridhika na kuandika tu. Alichangia kuanzishwa kwa mradi wa sheria za wakimbizi katika Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 1999, ambako utafiti unaambatana na msaada wa kisheria. Kisha akaendeleza kazi kama hiyo jijini Cairo, Misri.

Nchini Kenya, mvutano huo umefika mahakamani. Julai 2013, Mahakama Kuu ilibatilisha agizo la serikali la kuwahamishia kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini. Februari 2017, mahakama hiyo ilizuia mpango wa kuifunga Dadaab.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 nayo inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi, lakini bado inaruhusu serikali kumtengea maeneo ya kuishi.

Hapo ndipo swali la msomi huyo lingali na uzito. Fundi wa cherehani aliye na cheti lakini asiyeruhusiwa kufika sokoni bila kibali amepewa jembe, ila shamba amenyimwa.