Mbwa mdogo wa nasaba si pambo la sebuleni

Huenda watoto wako wamekuwa wakikusumbua wakitaka mbwa mdogo mwenye manyoya meupe, kama yule waliyemwona kwa jirani. Huenda wewe mwenyewe, mpenzi msomaji, unatamani mwandani wa kukulaki langoni utokapo kazini jioni. Hakuna ubaya. Ubaya ni kumleta nyumbani kabla ya kujiuliza atakula nini, atachanjwa na nani na atatunzwa vipi kwa miaka 12, 15 au hata zaidi.

Kwa muda mrefu, mbwa katika boma la Bonde la Ufa alikuwa na kazi moja tu, nayo ni kulinda. Alikula makombo, akalala nje, na alipokufa akaletwa mwingine. Mbwa mdogo wa nasaba hawezi kuishi hivyo. Ukimfuga kama bawabu, utamzika kabla ya mwaka kwisha.

Jua unayemtaka

Usidanganywe na udogo wa mwili. Mbwa hawa hawafanani tabia hata kidogo.

Jack Russell, mathalan, alizalishwa Uingereza kwa ajili ya kuwafukuza mbweha mashimoni. Ni mdogo, lakini ana nguvu za ajabu. Mfungie katika nyumba ya vyumba viwili kutwa nzima naye atachimba, atabweka na kuguguna viatu. Dachshund, yule mrefu mwenye miguu mifupi, huumia mgongo kwa urahisi, kwa hivyo kupanda na kushuka ngazi si kwema kwake. Pug ana pua iliyobanwa na hupata taabu ya kupumua, hasa kwenye jua kali. Maltese na Japanese Spitz wana manyoya marefu ambayo hayana budi kuchanwa mara kwa mara, la sivyo yatafungana na kuficha vidonda.

Naye Chihuahua, ambaye ni miongoni mwa mbwa wadogo zaidi ulimwenguni, huweza kuvunjika mguu akiangushwa na mtoto. Iwapo una watoto wa chini ya miaka mitano, fikiri mara mbili.

Tena usidhani kwamba nasaba ni jambo la Wazungu pekee. Basenji, mbwa mwenye mkia uliojikunja na asiyebweka kama wenzake, asili yake ni misitu ya Kongo. Alipelekwa Uingereza na kuonyeshwa kwenye maonyesho mashuhuri ya Crufts mnamo 1937. Leo anafugwa kote duniani.

Nasaba huthibitishwa

Mfugaji wa Njoro au Rongai hanunui ng'ombe wa gredi kwa maneno matupu. Huuliza mama yake ni nani, fahali alikuwa yupi na kama ameandikishwa. Mbwa naye ni vivyo hivyo. Humu nchini, chama kinachoandikisha mbwa wa nasaba ni East Africa Kennel Club, chenye makao yake Nairobi. Muuzaji akikuambia mbwa wake ni wa nasaba safi, mwombe cheti. Akianza kukupiga chenga, shika njia uende zako.

La muhimu zaidi ya cheti ni kumwona mama wa watoto hao na mahali anapoishi. Je, ni msafi? Ana afya? Au amefungiwa katika kizimba chenye kinyesi, akizalishwa kila anapopata joto? Ukinunua kwa mtu wa namna hiyo, unampa nguvu za kuendelea kumtesa.

Vilevile, usikubali mtoto wa mbwa ambaye hajatimiza majuma manane. Kabla ya umri huo angali anahitaji mama na ndugu zake, na ni kwao anakojifunza kutouma kwa nguvu. Jihadhari pia na anayekuuzia mbwa kando ya barabara, kutoka kwenye katoni, akidai amechanjwa ilhali hana kadi ya chanjo. Rahisi huwa ghali.

Si lazima ununue

Wengi hawajui kwamba mbwa wa nasaba pia huachwa. Mwenyewe huhama nchi, hufilisika, huingia katika nyumba ambayo mwenye ploti hataki mbwa, au huchoka tu. Mbwa wa aina hii wanaweza kupatikana kupitia chama cha kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, KSPCA, ambacho historia yake inaanzia 1910. Makao yake makuu yako Karen, Nairobi, na kina tawi Naivasha, safari ya kilomita 70 hivi kutoka Nakuru.

Huenda ukangoja kabla ya kumpata mdogo unayemtaka, na pengine utapata chotara badala ya mwenye cheti. Subira huvuta heri. Faida ya kumchukua mbwa mzima ni kwamba ukubwa wake na tabia zake zinajulikana tayari. Uliza anaogopa nini, amezoea watoto, anapatana na paka? Nawe usikasirike ukiulizwa kuhusu ua wako, kazi yako na nani atabaki nyumbani. Wanaouliza wanataka asiachwe mara ya pili.

Akifika kwako, mpe muda. Siku za kwanza anaweza kukataa chakula au kujificha chini ya kiti. Usimkaripie wala usiwaite majirani wote waje kumtazama.

Chanjo ni uhai

Hapa hakuna mzaha. Kichaa cha mbwa kiliripotiwa Kenya kwa mara ya kwanza 1912, na hadi leo kingali kinaua. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila anayeugua hufa. Asilimia 99 ya visa vya binadamu hutokana na mbwa, na shirika la afya ulimwenguni, WHO, linasema kwamba asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Ndio haohao wanaocheza na mbwa.

Mbwa wako achanjwe dhidi ya kichaa anapotimiza miezi mitatu, kisha arudiwe kulingana na maagizo ya daktari wa mifugo, aghalabu kila mwaka. Usiseme ni mdogo na haendi popote. Mbwa mgeni mwenye kichaa huweza kupenya ua usiku mmoja tu. Mtu akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitalini siku hiyohiyo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Kuna pia magonjwa ya pavo na distempa, ambayo huwafagia watoto wa mbwa. Chanjo zake huanza wakiwa na majuma sita hadi manane, na hurudiwa kila baada ya majuma matatu au manne hadi watimize majuma 16. Kabla hajamaliza chanjo hizo, usimtembeze mitaani ambako mbwa wasiojulikana wamepita. Mtoto wa mbwa akitapika na kuharisha damu, mkimbize kwa daktari. Dawa za kienyeji zitakupotezea saa ambazo zingemwokoa.

Usisahau minyoo na kupe. Kupe huleta homa inayomaliza damu mwilini, nao ni wengi katika sehemu za ufugaji kama zetu. Mkague masikioni na katikati ya vidole kila siku. Usimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe kwa kukisia kipimo, kwani mwili wa kilo tatu hauhimili sumu iliyokusudiwa mnyama wa kilo mia nne.

Baridi, chakula na majirani

Usiku wa Julai huko Molo au Mau Narok hausamehe. Mbwa mdogo alale ndani, juu ya blanketi kavu. Mpe nyama au matumbo yaliyopikwa, wali au ugali kidogo na mboga, au chakula cha dukani kinacholingana na umri wake. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka na kutoboa utumbo. Vitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwake. Mtoto wa Chihuahua alishwe mara tatu au nne kwa siku, kwa kuwa akikaa njaa sukari mwilini hushuka na anaweza kuzirai.

Kama umepanga nyumba, pata kwanza idhini ya mwenye ploti. Zungumza na majirani pia. Jirani Mwislamu ambaye kwake mate ya mbwa ni najisi anastahili kuheshimiwa, kwa hivyo usimwache mbwa wako arukie watu kwenye ngazi. Na kama huna nia ya kuzalisha kwa utaratibu, mwone daktari umhasi. Mimba ya mbwa ni siku 63 tu, na nani atawalea watoto hao?

Sheria nayo ipo. Sura ya 360 ya sheria za Kenya inafanya ukatili dhidi ya wanyama kuwa kosa.

Kwa hivyo, mpenzi msomaji, kaeni chini kama familia kabla ya kwenda kumchukua. Andikeni ni nani atamlisha, nani atamchana, nani atalipia daktari, na nani atabaki naye mkienda mashambani Krismasi. Iwapo majibu yote yanaangukia kwa mama au kijakazi ambaye hakuulizwa, bado hamjawa tayari. Lakini mkikubaliana kwa dhati, mleteni. Mbwa hajui cheti wala bei yake. Anachojua ni nani humpa maji asubuhi.