Mwamba wa Sebuleni Kwenye Baridi ya Njombe

Julai, sebule ya Njombe ambayo haikukokewa moto usiku huweza kuamka na nyuzijoto 12, siku nyingine chini ya hapo. Tumbawe linataka maji ya nyuzi 25 hivi, usiku na mchana, mwaka mzima. Anayetamani kuwa na mwamba hai ndani ya kioo, awe Njombe mjini au Makambako, itambidi kwanza alizibe pengo hilo la nyuzi 13. Ndiyo maana naanza na luku kabla ya samaki.

Chukua tangi la ukubwa wa kawaida: urefu sentimita 100, upana 40, kimo 50. Hilo ni la lita 200. Katika chumba cha nyuzi 12, kuta za kioo na uso wa maji hupoteza joto la wati 150 hadi 200 mfululizo, na hita lazima irudishe kilichopotea. Kwa siku ni yuniti 4 hivi, kwa mwezi wa baridi 120, na hapo hujawasha taa wala pampu. Mteja mdogo wa TANESCO aliye kundi la D1, lenye ukomo wa yuniti 75 kwa mwezi, atakuwa ameshatolewa kwenye bei nafuu kabla tumbawe lake la kwanza halijakunjua minyiri. Unaweza kupunguza hasara kwa kubandika nyuma, pembeni na chini ya tangi yale mabamba meupe mepesi yanayofungiwa televisheni mpya. Husaidia sana, ila hayaondoi haja ya hita.

Na kwa nini tumbawe lisivumilie? Kile tunachokiona kama jiwe lenye rangi ni maelfu ya wanyama laini, kila mmoja na mdomo wake, walioshikana juu ya kiunzi cha chokaa walichokijenga wenyewe. Ndani ya nyama yao hukaa mwani wa seli moja. Mwani hunasa mwanga na kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya riziki ya tumbawe hutoka humo. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa nyuzi moja au mbili, hali ikadumu majuma kadhaa, tumbawe huutema mwani, hubaki jeupe na mwisho hufa njaa. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto la El Niño, matumbawe mengi ya Mafia na ya sehemu kubwa ya pwani ya Afrika Mashariki yalipauka na kufa. Upande wa baridi nako kuna mpaka: yale yanayojenga miamba hayastawi maji yakikaa chini ya nyuzi 18.

Umeme ukikatika saa nne usiku, lita 200 zitapoa kama robo tatu ya nyuzi kila saa mwanzoni, na hadi alfajiri zitakuwa zimeshuka nyuzi nne au tano. Blanketi zito juu ya tangi litakuokoa usiku huo. Lakini kabla baridi haijaua, hewa itakuwa imeua. Njombe iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapo ni kama asilimia 80 tu ya ile ya Dar es Salaam. Maji ya bahari ya nyuzi 25 yanayoweza kushika miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita yakiwa Dar, huku yatashika kama 5.4. Pampu ikisimama, samaki na matumbawe wanaanza na akiba ndogo tangu mwanzo. Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununua baada ya kioo ni pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, hata kabla ya taa nzuri.

Kuna jambo jingine la nyanda za juu ambalo vitabu vya ufugaji wa matumbawe havilitaji, nalo ni jiko la mkaa. Wakati wa baridi milango hufungwa, jiko huingizwa ndani, na hewa ya ukaa hujaa chumbani. Hewa hiyo huyeyuka kwenye tangi na kuyafanya maji yaelekee uchachu, wakati tumbawe linataka pH ya 8.1 hadi 8.4 ili liweze kujenga chokaa yake. (Moshi wa mkaa usioonekana huua watu pia, kwa hiyo fungua dirisha hata kama huna tangi.)

Sasa maji yenyewe. Wengi hudhani chumvi ya dukani inatosha, kwa kuwa nayo ilitoka baharini. Haitoshi, na sababu iko kwenye mashamba ya chumvi. Maji ya bahari yanapokaushwa kwa jua, kalsiamu hutangulia kujitenga na kutuama. Chumvi ya kula hufuata, nayo ndiyo inayokombwa. Magnesiamu hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Mkulima wa chumvi anataka hivyo hasa. Tumbawe linahitaji vile viwili vilivyoachwa: kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, na magnesiamu karibu 1,300. Hivyo ama uagize chumvi maalumu ya matangi, gramu 35 hivi kwa lita, ama usafirishe maji ya bahari yenyewe. Kutoka Dar hadi Makambako ni zaidi ya kilomita 600 za barabara, na kila wiki utataka madumu ya kubadilishia asilimia 10. Kuna kondakta atakayekubali. Hakikisha tu aliyechota alikwenda mbali na mji, maji yakiwa yamejaa.

Anayechanganya chumvi mwenyewe atahitaji maji matupu yasiyo na kitu, na Njombe kwa mvua yake huonekana imebarikiwa. Tatizo ni paa. Mabati yetu yamepakwa zinki, na zinki, kama shaba, ni sumu kwa matumbawe, kamba na konokono wa baharini kwa viwango ambavyo binadamu hatavihisi. Kinga mvua moja kwa moja kwa turubai safi la plastiki, baada ya mvua ya kwanza kusafisha anga. Maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta nayo yanafaa kwa kujazia yanayokauka, mradi usichukue chupa ya asidi iliyo jirani yake. Na kukauka kupo: upepo wa Makambako ni mkavu, tangi lisilofunikwa hupungua kila siku. Yanayoondoka ni maji matupu, chumvi hubaki, kwa hiyo unajazia maji yasiyo na chumvi. Anayejazia ya chumvi anaikoleza bahari yake kidogo kidogo mpaka iue.

Yote haya yanaweza kufanyika. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza kwa maandishi jinsi alivyofuga matumbawe kwa mawe yaliyotoka mwambani yakiwa na viumbe vyake, mapovu ya hewa na jua. Mawe hayo yalibeba bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo ni nafuu zaidi, na huo ndio mtambo wa tangi lolote duniani. Mashine za leo zimeongezwa juu ya wazo lile lile. Lakini Lee aliishi nchi ya joto kando ya bahari. Jua na mwamba vilikuwa vyake bure.

Swali la mwisho ni tumbawe litoke wapi, na hapo ndipo ninapoanza kuwakatisha watu tamaa waziwazi. Pwani yetu imeshapoteza matumbawe mengi kwa baruti na kwa matanuri ya chokaa. Yaliyobaki Mafia na Ghuba ya Mnazi yamo ndani ya hifadhi zinazosimamiwa kwa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, na Chumbe kule Zanzibar imelindwa tangu mwaka huo huo. Mkataba wa CITES nao umeyaweka matumbawe yote magumu kwenye orodha inayodai kibali kila yanapovuka mpaka. Njia safi ni kununua vipandikizi vilivyokuzwa shambani, vyenye karatasi zake. Kisha uvisafirishe kwa basi siku nzima hadi kwenye chumba cha nyuzi 12.

Mimi nisingefanya hivyo. Mkoa wa Njombe una mwamba wake wenye samaki wa rangi, nao haumo baharini. Uko Ludewa.

Ukishuka kutoka Ludewa mjini kuelekea Lupingu au Manda, baridi inabaki nyuma na unafika ufukwe wa Ziwa Nyasa, mita 475 hivi juu ya bahari, ambako Milima ya Livingstone inazama ziwani kwa mawe makubwa. Katikati ya mawe hayo wanaishi mbuna: samaki wa urefu wa kidole hadi kiganja, wa buluu, njano, machungwa na mistari myeusi. Ziwa hili lina mamia ya spishi za jamaa zao zisizopatikana kwingine kokote, na wafugaji wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakiwanunua kwa miongo mingi. Mmojawapo, Labeotropheus fuelleborni, mwenye pua iliyoning'inia juu ya mdomo kwa ajili ya kukwangulia mwani, alielezwa kisayansi mwaka 1926 na Ernst Ahl, akapewa jina la Friedrich Fülleborn, daktari wa Kijerumani aliyekusanya viumbe upande huu wa ziwa. Njombe mjini wengi wanalijua ziwa hilo kwa dagaa wake tu.

Tangi la mbuna hulijengi kama la matumbawe, ingawa bakteria ni wale wale. Panga mawe kwanza, yakae moja kwa moja kwenye sakafu ya tangi juu ya bamba laini, ndipo umwage mchanga. Mbuna huchimba, na jiwe lililosimama juu ya mchanga litadondoka na kuvunja kioo. Fundi vioo akikuungia tangi, mwambie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu.

Maji ya Njombe kwa kawaida ni laini na udongo wake ni wa uchachu. Chai na miwati ya huku ni ushahidi. Ziwa Nyasa lina pH ya 7.8 hadi 8.6. Weka kokoto za chokaa au makombe yaliyopondwa ndani ya chujio, na kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea kwa kila lita 40 unazoingiza. Usitumie magadi, ni makali mno. Maji ya bomba yenye klorini yalale siku nzima yakipigwa hewa. Kisha subiri wiki nne hadi sita kabla ya kuweka samaki wengi, maana bakteria wanaanza taratibu, na kwenye baridi taratibu zaidi.

Hita bado utaihitaji, sikudanganyi. Lakini mbuna anaridhika na nyuzi 24, na usiku mmoja wa nyuzi 20 umeme ukikatika haumuui. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hushika oksijeni zaidi: hapo Njombe karibu miligramu 6.6 kwa lita. Taa yoyote ya LED inatosha kwa kuwa hakuna wa kulishwa mwanga. Chakula kiwe cha majani zaidi: njegere zilizomenywa ngozi, mchicha uliotokoswa. Nyama ya ng'ombe huwavimbisha tumbo na kuwaua.

Dume mmoja awe na majike watatu au wanne, la sivyo atawasumbua hadi wafe. Jike akiacha kula na taya likavimba, usimwite mgonjwa. Amebeba mayai mdomoni, na atayabeba karibu wiki tatu.

Samaki watoke kwa mvuvi mwenye leseni, na uulize ufukwe walikotoka, kwani mbuna wa mwamba mmoja hutofautiana rangi na wa mwamba wa jirani, na wakichanganywa huzaliana. Huko Malawi, mbuna waliohamishwa na biashara ya samaki wa mapambo waliachiwa kwenye kisiwa cha Thumbi Magharibi, karibu na Cape Maclear, na baadhi wamechanganya damu na wenyeji wa kisiwa. Vifaranga wakikuzidi, mgawie mwenye tangi. Usiwamwage Mto Ruhuji kwa kufikiri baridi itawamaliza: mto huo unateremka hadi bonde lenye joto la Kilombero, na kutoka hapo hadi Rufiji, ambako hakuna mbuna hata mmoja.