Nguvu ya Polisi na Mipaka Yake Kisheria

Askari polisi anapomkamata mtuhumiwa, anaruhusiwa kutumia nguvu kiasi gani? Swali hili huwagawa wananchi katika makundi mawili, na kila kundi lina hoja yenye uzito. Makala hii inaeleza hoja hizo, kipimo kilichowekwa na sheria, na hatua anazoweza kuchukua mkazi wa Kwamndolwa anayeona kwamba kipimo hicho kimevukwa.

Kundi la kwanza husema kuwa kazi ya polisi ni ya hatari, na mara nyingi haimpi askari nafasi ya kutafakari. Tarehe 13 Aprili 2017, askari 8 waliuawa na watu wenye silaha huko Mkengeni, Kibiti, mkoani Pwani. Kwa maoni ya kundi hili, askari anayesita huhatarisha maisha yake na ya raia anaowalinda. Aidha, wananchi wakiona polisi wamelegea hujichukulia sheria mkononi, na anayedhaniwa kuwa mwizi huishia kupigwa hadi kufa.

Kundi la pili hujibu kuwa nguvu isiyo na mipaka huwaumiza hata wasio na hatia, na huwafanya wananchi waogope kupeleka taarifa za uhalifu kituoni. Mwaka 1976 watuhumiwa walifariki kwa mateso mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, hakuyatenda hayo yeye mwenyewe, lakini mwaka 1977 alijiuzulu. Tarehe 2 Septemba 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kijijini Nyololo, mkoani Iringa, polisi walipokuwa wakiutawanya mkusanyiko wa kisiasa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kumuua bila kukusudia.

Sheria haikuegemea upande mmoja. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu askari kutumia nguvu mtu anapopinga kukamatwa, ila nguvu hiyo isizidi ile inayohitajika kumkamata au kumzuia asitoroke. Tendo linaloweza kusababisha kifo limewekewa masharti makali zaidi. Kipimo hicho humhusu pia raia anayemkamata mhalifu. Hivyo, mtuhumiwa akishatii na kufungwa pingu, kofi linalofuata si sehemu ya ukamataji. Ni adhabu, na adhabu hutolewa na mahakama peke yake. Nayo Katiba, katika Ibara ya 13, inapiga marufuku kumtesa mtu yeyote.

Halmashauri haina mamlaka ya kuwaamrisha polisi, kwani wao wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Hata hivyo, mwananchi mwenye malalamiko anaweza kufanya yafuatayo:

1. Aandike mapema tarehe, saa, mahali, majina ya mashahidi na, ikiwezekana, namba ya askari iliyo kwenye sare.

2. Akiwa amejeruhiwa, aombe fomu ya polisi namba 3 (PF3), ili daktari aandike hali ya majeraha kabla hayajapona.

3. Apeleke malalamiko kwa Mkuu wa Kituo. Asiporidhika, aende kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, kisha kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Tanga.

4. Anaweza pia kuiandikia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo hata hivyo haichunguzi shauri lililokwisha kufika mahakamani.

Kumbukumbu hizo humlinda pia askari aliyetumia nguvu kwa haki, kwa kuwa wachunguzi watapima jambo lililotendeka badala ya uvumi uliosambaa mtaani.