Baiskeli na Umeme (Sehemu ya Nne): Mota ya Bwana Bolton na Betri Yetu

Habari za mioto inayozuka majumbani kwa sababu ya betri za baiskeli za umeme, ambazo magazeti ya London na New York hayachoki kuzichapa, zimewatia hofu wasomaji waliokwisha kuazimia kununua seti ya mota na kuifunga katika baiskeli zao za kuendea kazini. Jawabu langu ni kwamba azimio hilo wasiliache, bali walipange upya. Maana mnunuzi aghalabu huanza kwa mota na kumalizia kwa betri, ilhali tarehe ya chombo hiki, tangu kuzaliwa kwake, inatufundisha kinyume cha hayo.

Mnamo 31 Desemba 1895, serikali ya Marekani ilimpa Ogden Bolton, mkazi wa Canton katika jimbo la Ohio, hataza nambari 552,271 ya baiskeli ya umeme. Mwenye kuutaamali mchoro wake hana budi kustaajabu: mota imekaa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, pasi na gia, betri nayo imening'inia katikati ya fremu, baina ya magoti ya mpandaji, yaani pale pale ambapo fundi hodari wa leo angeiweka. Miaka miwili baadaye, Desemba 1897, Hosea Libbey wa Boston akapata hataza yake, naye akaihamisha nguvu kutoka gurudumuni akaitia katika ekseli ya pedeli. Basi ule mjadala wa mota ya kitovu na mota ya pedeli, unaowakesha vijana wetu wakidhani ni uzushi wa zama zao, ulikwisha kufunguliwa na mabwana hawa wawili wakati ambapo motokaa yenyewe ilikuwa bado ni kioja barabarani.

Kilichowashinda si akili, bali ni betri. Mota ya Bolton ilikusudiwa kuvuta hadi ampea 100 kwa volti 10, ambazo ni wati 1,000. Na betri ya risasi, aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, hata leo haihifadhi zaidi ya wati-saa 40 hivi kwa kila kilo, hata ikawa safari ya saa moja kwa nguvu hizo yataka mzigo usiopungua kilo 25. Faraja ilikawia karibu karne nzima, hadi Sony walipoileta sokoni betri ya ioni za lithiamu mwaka 1991.

Miaka miwili baada ya hapo, Yamaha wa Japani waliuza baiskeli ambayo mota yake hupima nguvu ya mguu kisha huiongezea. Mguu ukitulia, nayo hutulia. Huo, kwa insafu yangu, ndio ustaarabu wa chombo hiki, na sharia za Ulaya zimeukubali kwa kuiwekea mota kikomo cha wati 250 na kuiamuru iache kusaidia mwendo ufikapo kilomita 25 kwa saa. Umeme ulikuja kumsaidia mwanadamu, haukuja kumlemaza. Anayetaka kuketi juu ya tandiko kama gunia la mchele, akizungusha mkono tu, na anunue pikipiki.

Amma kuhusu uchaguzi wenyewe, wasaa umenibana, nami nitasema kwa mukhtasari. Kwa mji wa tambarare kama Mombasa, mota ya kitovu yenye gia ndani yake yatosha. Kwa milima ya Lushoto, mota ya pedeli ni bora, kwa kuwa hutumia gia za baiskeli, ingawa mnyororo huchakaa upesi. Kabla ya kulipa, pima nafasi ya ekseli: mota nyingi za mbele hutaka milimita 100 na za nyuma 135, na zile baiskeli nyeusi za gia moja huwa nyembamba zaidi nyuma. Uma uwe wa chuma, ekseli itiwe mkono wa kuizuia isijizungushe, na breki zitengenezwe kwanza.

Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360, zinazomtosha mwenye kukanyaga kwa kilomita 30 hivi. Hakikisha kidhibiti cha mota hakivuti ampea nyingi kuliko zile ambazo betri imeruhusiwa kutoa. Na jihadhari na betri zilizoungwa kwa seli za kompyuta chakavu: seli dhaifu ikichajiwa pamoja na zenye nguvu hujaa kupita kiasi, ikachemka, ikawaka. Ndiyo maana New York, mwaka 2023, ilipiga marufuku betri zilizoundwa kwa seli zilizokwisha kutumika, na kadhalika uuzaji wa betri zisizo na cheti cha maabara inayotambulika.

Juma lijalo, inshallah, tutaeleza adabu za kuichaji. Kwa sasa, mwenye fedha ya mota kubwa na betri hafifu, na anunue mota ndogo na betri njema. Na mwenye fedha ya mota peke yake, na aendelee kukanyaga hadi Mola amfungulie.