Udongo wa Mfinyanzi na Sumu za Mashambani

Katika nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, zilimo ardhi za Kumsenga, mvua huteremsha udongo mwekundu hadi mabondeni. Mito ya huko huuchangia mto Malagarasi, nao humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Dawa zinyunyiziwazo mashambani zaweza kufuata njia hiyo hiyo. Je, udongo waweza kuzizuia?

Punje za mfinyanzi ni matabaka membamba mno, yaliyopangana kama kurasa za kitabu. Matabaka hayo yana chaji hasi, hivyo huvuta ioni zenye chaji chanya. Kaolini, iliyo nyingi katika udongo mwekundu wa nchi za joto na ipatikanayo pia Pugu, karibu na Dar es Salaam, huweza kushika miliekwivalenti 3 hadi 15 kwa kila gramu 100. Montimoriloniti hushika 80 hadi 150, kwani maji na ioni hupenya baina ya matabaka yake.

Parakwati, dawa ya kuua magugu, ina chaji chanya mbili. Hivyo hunaswa barabara na mfinyanzi. DDT haina chaji, nayo hushikamana zaidi na mboji. Shehena ya DDT na viuadudu vingine iliyotoka Ugiriki mwaka 1986 iliwekwa Vikuge, Mkoa wa Pwani, ikachafua udongo wa mahali hapo kwa miaka mingi. Kwa sumu za namna hiyo, wakemia huondoa sodiamu ya mfinyanzi na kuweka ioni za amonia zenye minyororo mirefu ya kaboni. Udongo uliopenda maji hugeuka ukapenda mafuta, ukashika na sumu zisizo na chaji.

Mwalimu aweza kulithibitisha jambo la chaji darasani. Mfinyanzi mkavu uliosagwa utikiswe katika maji yenye methilini bluu kidogo, kisha uachwe utuame. Maji yatapauka na udongo utageuka buluu, kwa kuwa rangi hiyo ina chaji chanya.

Hata hivyo, kushikwa si kuangamizwa. Punje iliyobeba sumu ikichukuliwa na mvua, sumu husafiri pamoja nayo. Kwa hiyo matuta na majani yapandwayo kukinga mteremko huhifadhi rutuba ya shamba na usafi wa mto kwa pamoja.