Je, Wajua? Kigari hadi hekaluni

Mjini Tokyo, watalii huendesha vigari vidogo vya mashindano katikati ya mabasi na malori, matako karibu yaguse lami, hadi mtaa wa Asakusa lilipo Sensō-ji, hekalu la Kibudha ambalo kwa mapokeo lilianza mwaka 628. Dereva wa Masii, huku Ukambani nchini Kenya, hatapotea sana: Wajapani nao hupita kushoto.

Kwa Wakamba, mahali pa ibada paliitwa ithembo, aghalabu chini ya mti mkubwa kama mkuyu. Wazee walitoa sadaka hapo kuomba mvua, na kuukata mti huo ulikuwa mwiko. Ukipelekwa kwenye ithembo na bodaboda, mwambie azime pikipiki mbali, umalizie kwa miguu. Na usiingie kabla ya kuwaomba wazee ruhusa.