Mahindi Yenye Kuvu



Jibini ngumu ikiota kuvu, twaweza kukata sehemu ile pamoja na sentimita mbili na nusu kuizunguka, tukala iliyobaki, kwa maana kuvu haipenyi upesi katika kitu kigumu. Mkate ni laini. Hupenya hata pale jicho lisipoona. Je, mahindi?

Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao huko Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo huharibu ini. Kuyaosha mahindi au kuyapika hakuimalizi.

Nasi wakati wa njaa hushawishika. Twayachambua, twayasaga, ama twampa maskini aliye mlangoni. Tusifanye hivyo. Hata ng'ombe tusimpe, kwani sumu hupita katika maziwa wanywayo watoto wetu.

Basi tuanike mahindi juu ya turubai, si udongoni, na yakauke kabisa kabla ya kutiwa ghalani. Yaliyoota kuvu tuyatupe. Kumpa jirani tunachoogopa kula wenyewe si sadaka.